Sultani Asiyepata Kuona Migongo ya Watu

Hapo zamani, enzi ambazo hata mbuzi wa mjini walikuwa na adabu kuliko baadhi ya watu ninaowajua, palikuwa na mji ukiitwa Mwambakuu, nao ulitawaliwa na Sultani Zaharani. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya. Alilisha mayatima, alisali kwa wakati, na ushuru wake ulikuwa wa kuvumilika. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni michezo. Alikimbia, aliogelea, alipiga mieleka, alicheza fimbo, alikwea minazi, na katika yote hayo, tangu avae kilemba cha enzi, hakupata kushindwa na mtu.

Nawe msomaji una akili zako, waweza kukisia kwa nini. Kila aliyeshindana naye alijua mahali pa kukwama. Wapiga mieleka waliozoea kuangusha mafahali, walipokamatana na Sultani magoti yaliwalegea. Wakwezi waliokulia minazini, wakishindana naye walikwea kama mtu aliyebeba gunia la chumvi. Kisha siwa, ile pembe ya enzi, ikapulizwa, vigelegele vikapigwa, na Sultani akarudi jumbani akitweta kwa furaha. Hakuna aliyemdanganya kwa maneno; walimdanganya kwa miguu, na mtu aliyedanganywa kwa miguu hana pa kuanzia kushuku. Maskini wa Mungu, akaamini.

Katika mji huo alikuwako fukara mmoja, Faki, ambaye watu walimwita Faki Kanzumoja, kwa sababu siku akifua hakutoka nyumbani mpaka kanzu ikauke. Hakuwa na shamba wala kuku, ila Mungu alimpa ulimi, na ulimi huo ndio uliomfikisha kwenye sahani za watu.

Basi ikawa wakati wa masika Sultani akaandaa mbio, na miongoni mwa wakimbiaji alikuwamo Shaame, mpwa wake Faki, kijana aliyehamia mjini juzi tu kutoka mashamba. Waziri, Mwinyi Bahasani, mtu mnene mwenye tumbo la kuheshimika, ambaye katika kila shindano alifika wa pili nyuma ya Sultani, akamwita pembeni akamfundisha desturi.

"Kijana, ukikaribia mwisho, jikwae, uanguke. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana Waziri."

Na alisikia kweli. Akakimbia nyuma ya Sultani kwa adabu zote, akaikaribia kamba ya mwisho, akajikwaa, akaanguka. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ulikuwa utelezi mtupu, na kijana wa watu akaanguka kwa mbele. Akateleza kwa tumbo, akampita Sultani ubavuni, akaivuka kamba kichwa mbele, akaishia miguuni pa mpuliza siwa. Mpuliza siwa hakujua ampulizie nani.

"Amenishinda!" Sultani akasema. "Tena kwa tumbo!"

Shaame akatiwa gerezani, na hukumu ikatoka kwamba siku ya Ijumaa afungwe pingu za miguu, asifunguliwe mpaka kufa kwake, kwani miguu isiyojua adabu haina haki ya kwenda popote. Mamake, Bi Mkasi, akaja mbio kwa kaka yake Faki, akamweleza huku akilia. Siku hiyo Faki alikuwa amefua. Akaitwaa kanzu mbichi kambani, akaivaa vivyo hivyo, akaenda jumbani huku akidondosha maji.

Akakuta baraza limepamba moto. Mgeni mmoja, mchuuzi wa ngozi kutoka Barawa, alikuwa ameuliza swali la kupitisha wakati: katika wote waliopata kuishi duniani, ni nani bingwa wa michezo yote? Si wa mbio peke yake, wala wa mieleka peke yake, bali wa yote kwa pamoja. Mgeni hakujua kwamba ametia kidole kidondani.

"Kwetu twasema ni marehemu Haji Matapwi," akasema. "Alimkimbiza swala akamkamata kwa mkono, wala jasho halikumtoka."

"Hizo ni mbio tu," Kadhi akajibu. "Kuogelea je, alijua? Marehemu Mwana Hidaya, wa hapa hapa Mwambakuu, alivuka mkono wa bahari kwenda na kurudi, na chungu cha mchuzi kichwani."

"Na mieleka je, huyo Mwana Hidaya?"

"Nani angethubutu kumkamata? Mchuzi ungemwagika."

Wakabishana, huyu akimtaja babu yake, yule akimtaja babu wa mkewe, na Sultani akisubiri jina moja tu litajwe, nalo halitajwi. Mwisho akachoka kusubiri. Akamwona Faki amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Faki! Nawe wasemaje?"

"Maulana, mimi mabingwa waliokufa nawaogopa," Faki akasema. "Huyo Haji Matapwi namsikia tangu utotoni. Wakati ule alikuwa akikamata mbuzi. Nilipooa nikasikia ni punda. Leo amefika kwa swala. Tangu afe, kila mwaka mbio zake zinazidi."

Baraza likacheka, hata mgeni wa Barawa akacheka. Sultani akamwuliza kilichomleta.

"Miguu ya mpwa wangu, Maulana. Bado anaihitaji."

Sultani akakunja uso, kisha akamtazama kwa jicho la mtu aliyepata mchezo mpya. "Sikiliza basi. Niletee huyo bingwa aliye bora kuliko waliokufa na walio hai, ashindane nami Ijumaa mbele ya watu, nami nitamwachia mpwa wako. Lakini nakupa na sharti. Akinishinda, umeniletea mtu wa kunivunjia heshima, na pingu utavaa wewe pamoja na mpwa wako. Nikimshinda mimi, basi hakuwa bora, umenidanganya, na pingu mtavaa vilevile."

Waziri akatikisa kichwa kwa huruma, maana mtego huo ulikuwa na meno pande zote mbili. Faki akainama. "Nimekubali, Maulana," akasema, kwani mbele ya Sultani hakuna neno jingine la kusema.

Aliporudi nyumbani Bi Mkasi akajishika kiuno. "Kaka, ulikwenda kumtoa mmoja. Sasa mwaingia wawili?"

"Usilie, dada yangu. Nipe uji."

"Uji nitakupa. Huyo bingwa utampata wapi?"

"Hana haja ya kutafutwa. Yumo mle mle jumbani."

Bi Mkasi hakuelewa, naye Faki hakumweleza. Aliunywa uji, akauacha nusu. Mtu wa maneno huogopa kama watu wengine, ila yeye huficha.

Ijumaa baada ya sala uwanja ukajaa watu. Shaame akaletwa amefungwa kamba mikononi, na mhunzi akaketi karibu yake na pingu na nyundo. Sultani akatoka amejifunga msuli wake wa mashindano. Faki akaja peke yake.

"Bingwa yuko wapi?"

"Yumo uwanjani, Maulana, ila ana haya nyingi. Mbio zikianza utamwona kwa macho yako. Naomba tu mbio ziwe za namna yangu."

"Namna gani?"

"Atakayefika wa mwisho ndiye mshindi, na atakayefika wa kwanza ameshindwa. Kwa kwenda mbele, Maulana, umekwisha washinda wote. Bingwa wa michezo yote hana budi kushinda hata kwa kuchelewa. Na wakimbie wakubwa wote wa baraza."

Sultani akaipenda, akacheka sana, akaapa mbele ya Kadhi kwamba sheria ya leo ndiyo hiyo. Watu wakacheka naye. Waziri peke yake hakucheka, maana alikuwa mtu mwerevu na aliona mbali kabla ya wenzake. Akalishika goti lake.

"Maulana, goti hili linanisumbua tangu jana. Naona nije polepole huko nyuma."

"Mwamsikia?" Faki akapaza sauti. "Waziri ataka kubaki nyuma! Ataka kumshinda Maulana!"

"Mimi? Haki ya Mungu sitaki!" Waziri akasema, na goti likapona papo hapo.

Hapo na wengine wakafahamu. Kwa desturi Sultani lazima ashinde. Leo kushinda ni kubaki nyuma. Basi wao lazima watangulie. Wala si kutangulia tu, kwani atakayekuwa karibu zaidi na Sultani ndiye atakayeshukiwa kuwa aliutamani ushindi. Kila mmoja akamtazama mwenziwe kwa jicho baya, akapandisha kanzu, akaifunga kiunoni.

Goma likalia. Lo! Wakatoka kama kuku waliomwagiwa maji. Miguu iliyokaa na adabu miaka mingi ikaisahau adabu yote. Kadhi, mzee wa ndevu nyeupe, akaruka dimbwi bila kuligusa. Mtunza hazina akamsukuma mnajimu kwa kiwiko. Na mbele ya wote, kilemba mkononi, tumbo likimtangulia, alikuwa Waziri Mwinyi Bahasani, akienda mbio ambazo hata Haji Matapwi huko aliko angezionea wivu.

Sultani alikuwa akitembea taratibu, mikono nyuma, akitabasamu. Kisha tabasamu likapungua. Kisha akasimama katikati ya uwanja. Mwambakuu hakuna aliyempa Sultani mgongo. Waliotoka mbele yake walitoka kinyumenyume, na mashindanoni yeye alikuwa mbele siku zote. Umri wake wote hakupata kuona migongo ya watu wake. Leo akaiona yote kwa pamoja, nayo inazidi kuwa midogo.

Akafika kwenye kamba wa mwisho, yaani mshindi, na siwa haikupulizwa. Waziri alikuwa amekwisha piga magoti, jasho likimtiririka.

"Maulana," Faki akasema kwa upole, "bingwa ndiye huyu. Haji Matapwi alijua kushinda tu, na kushinda wengi wanajua. Waziri wako amekuwa nyuma yako hatua moja, haijapata kuwa mbili, mbioni, majini na mnazini. Awezaye kujipima hivyo katika kila mchezo asikosee hata siku moja, huyo hana wa kufanana naye, aliyekufa wala aliye hai. Naye hakukushinda, kwani kwa kiapo chako mshindi ni wewe, na heshima yako ipo. Wala mimi sikudanganya, kwani ubora wake umeuona."

Sultani hakumtazama Faki. Alimtazama Waziri.

"Miaka yote, Bahasani?"

"Miaka yote, Maulana. Niwie radhi."

"Hata kuogelea?"

"Hata kuogelea."

"Hata ule mnazi mrefu wa nyuma ya msikiti?"

Waziri akainamisha kichwa. "Mnazi hasa, Maulana. Pale ilinibidi nilale kidogo njiani."

Sultani akaketi chini, palepale topeni. Faki akamwonea huruma. Yeye alikuja kuokoa miguu ya mpwa wake, hakuja kumvunja mtu moyo, na sasa alikuwa akiutazama uso wa mtu mzima aliyegundua kwamba hajapata kucheza na mtu hata mara moja.

"Na huyu kijana?" Sultani akauliza mwishowe. "Basi yeye ndiye aliyenishinda kweli."

"La, Maulana. Naye aliagizwa ashindwe, ila hata hilo hakuliweza. Ukimtia pingu, utakuwa umemtia kwa kuanguka vibaya."

Sultani akamtazama Shaame, akakumbuka lile tumbo likiteleza ubavuni pake, na kicheko kikamtoka mpaka machozi, na machozi hayo si yote yaliyokuwa ya kicheko. "Mfungueni," akasema. "Lakini mhunzi asiondoke. Sasa tutakimbia mbio za kweli, wa kwanza awe wa kwanza, na yeyote atakayeniachia, hata kwa unyayo mmoja, pingu hizo ni zake. Faki, nawe utakimbia. Umetukimbiza sote na wewe umesimama."

"Mimi, Maulana? Tangu jana sina kitu tumboni ila uji."

"Kimbia na uji wako."

Goma likalia mara ya pili. Shaame akaivuka kamba wenzake wakiwa bado katikati ya uwanja, na safari hii aliivuka wima, na Bi Mkasi akapiga kigelegele kilichosikika ng'ambo. Waziri akafuata, Kadhi akafuata, mtunza hazina na mnajimu wakafuata wakitukanana. Nyuma kabisa walibaki wawili, Sultani Zaharani macho yamemtoka, na Faki Kanzumoja ulimi nje, huyu akimpita yule, yule akimpita huyu. Karibu na kamba Sultani akakaza, akatangulia.

Akageuka ameshika mbavu. "Umeniachia?"

Faki alikuwa amelala chali kwenye tope. "Wallahi, Maulana," akasema pumzi zikimkatika, "laiti ningekuwa na nguvu za kukuachia."

Sultani akapiga ukelele. Akamnyang'anya mpuliza siwa siwa yake, akaipuliza mwenyewe, vibaya mno, mpaka punda wa mji wakaitikia. Akamwinua Faki, akamkumbatia na tope lake, akampa ng'ombe wa maziwa na ndama wake, na Shaame akampa kazi ya kuwafundisha mbio vijana wa mji. Pingu zikarudi kwa mhunzi zikafuliwa majembe.

Ama mabishano ya bingwa wa wote, hayo hayakwisha, wala usitaraji yataisha. Kila wageni walipoketi barazani wakaanza kumtaja huyu na yule, Sultani alitulia akawasikiliza mpaka wachoke.

"Bingwa wa wote simjui," alikuwa akisema. "Lakini Faki nilimpita."