Matango Yaliyolala, Damu Iliyopasuka

Hapo zamani, kule migombani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliishi Bibi Ndeanasia, mwenye mwili mpana na kicheko kipana zaidi. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyeshika upawa wa shughuli zote za ukoo. Mshika upawa ndiye anayeamua nani apate mnofu na nani agugune mfupa, kwa hiyo hata mumewe alimwamkia mara mbili kila asubuhi.

Sasa magoti yakagoma. Bibi akatangaza kwamba katika harusi ya kitinda mimba wake, mmoja wa wakwe zake watatu atakayeiokoa shughuli ndiye atakayerithi upawa.

"Na isipopata shida, Mama?" akauliza Aikande, mkwe mkubwa.

"Mwanangu, wewe umeona wapi harusi isiyo na shida?"

Na shida akaileta Bibi mwenyewe. Alfajiri ya siku ya harusi alikata beseni zima la matango, akayatia chumvi, akaenda kuchagua kitenge. Aliporudi akasahau, akatia tena. Jua lilipopanda, matango yalikuwa yamelala teketeke, yanaogelea katika maji yao wenyewe kama walevi walioangukia mtaroni. Bibi akashika kiuno. Wageni wako njiani.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Tango limejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kimejaa maji na kimezungukwa na utando. Na maji yana umbea: yakisikia upande wa pili wa utando kuna chumvi nyingi zaidi, yanapenya kwenda huko huko. Ndiyo maana vijumba vikanywea.

Aikande hakupoteza muda. Akamwaga maji ya chumvi, akayasuuza matango, akayalowesha kwenye maji baridi ya mfereji. Maji yakarudi ndani. Seli zikajaa, zikajaa, lakini seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando. Zikajaa mpaka ukutani, zikakoma hapo. Bibi akang'ata kipande, kikalia kacha! Nusura amkabidhi upawa pale pale.

Lakini mbuzi alikwisha kuchinjwa, na damu ya kisusio, ile supu ya damu wanayoipenda Wachagga, ilikuwa imekingwa sufuriani. Damu kidogo, wageni wengi. Upande wa bibi harusi ulikuja na ukoo mzima na majirani wa ukoo. Bibi, kwa furaha ya matango, akaamuru damu nayo iongezwe maji ya mfereji.

Ndealilia, mkwe wa pili, alikuwa mwoga hata wa kuku atagaye. Akachota damu kikombe kimoja, akajaribia humo maji ya mfereji. Seli za damu hazina ukuta, zina utando tu. Zikanywa, zikavimba, zikanywa tena, zikapasuka. Damu iliyokuwa nzito ikawa nyepesi, angavu, hata kitako cha kikombe kikaonekana. Kikombe kimeharibika, sufuria imepona.

Ndipo Makiwa, mkwe mdogo, akachukua maji mengine. Akatia chumvi kidogo, akaonja, akaongeza, akaonja, kisha akamimina sufuriani. Seli hazikuvimba wala hazikunywea. Damu ikabaki damu, na sufuria ikajaa.

"Kipimo hicho umekijuaje?" Bibi akauliza.

"Ni ladha ya machozi, Mama. Nimeyaonja sana tangu niolewe hapa."

Uani watu wakacheka mpaka mbuzi waliobaki wakalia nao. Aliyecheka kuliko wote ni Bibi, ingawa alijua jiwe limerushwa kwake.

Wageni wakala, wakalamba vidole, wakacheza ngoma mpaka vumbi likapanda migombani. Kisha wakwe wakasimama mbele ya Bibi.

"Mimi nilifufua kilichokufa," akasema Aikande.

"Mimi nilizuia kifo kabla hakijafika," akasema Ndealilia.

"Ninyi mliokoa kilichokuwepo," akasema Makiwa. "Mimi nilifanya kidogo kikatosha wote."

Bibi akauinua upawa, akawatazama mmoja mmoja. Kisha akaukumbatia kifuani.

"Na mimi je? Nisingekosea mara mbili, ninyi mngeokoa nini?"

Mkono wake ungali juu ya upawa, na ukoo mzima unabishana. Haya, ninyi mlioshiba: je, nani alistahili upawa?