Mgeni katika Kompyuta ya Mwalimu Zeno

Mgeni mpe chumba, usimpe nyumba. Mmelisikia neno hilo leo kwa fundi Fotunata, alipokuwa akimzuia yule kijana aliyetaka kufuta kila kitu kwenye kompyuta yake ili aweke kipya, nanyi mkaja kuniuliza limetoka wapi. Mmoja wenu kasema ni methali ya wachoyo. Hapana. Ilianzishwa na mtu mwenye wivu, na uchoyo na wivu ni vitu viwili. Kaeni niwaeleze ilivyozaliwa.

Mwalimu Zeno Kapinga hakuwa na mtoto. Hakuwa na kinanda, hakuwa na cheti cha muziki, hakuwa na baiskeli ya kumfikisha kwenye makanisa madogo ya vigangoni. Sauti yake nzuri ya ujana hakuwa nayo tena. Na zaidi ya yote, hakuwa na moyo wa kuvumilia mtu mwingine akisifiwa mbele yake.

Alichokuwa nacho ni kwaya ya parokia yetu hapa Umatengoni, pamoja na kompyuta moja nzito yenye printa, aliyoachiwa na sista aliyehama. Humo ndimo alimoandika nyimbo zake zote kwa nota za do-re-mi, sauti zote nne, kwa kuwa karatasi zake za mwanzo ziliishia tumboni mwa mchwa.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Eusebi Ndunguru. Mwalimu alimchukua akiwa hajui hata kuhesabu mapigo, akamfundisha mpaka akaanza kutunga, na nyimbo za kwanza za Eusebi ziliandikwa katika kompyuta hiyohiyo. Eusebi alipooa alihamia parokia ya ng'ambo ya mto, akakabidhiwa kwaya, akapata na kompyuta yake. Pasaka moja akaja kutusalimu na karatasi za nyimbo zilizopangika kama ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, katika shamba la mkulima hodari. Alipoulizwa siri yake, alisema ameweka mfumo mpya.

Kwa asiyejua, kompyuta ina mfumo endeshi. Huo ndio unaoiamsha mashine na kuifundisha kuwa hiki ni kioo, hiki ni kibodi, haya ni mafaili ya bwana mkubwa. Bila mfumo, kompyuta ni sanduku tu.

"Mwalimu, umeziona karatasi za Eusebi?" waliuliza wanakwaya, wakizipapasa.

"Nimeziona. Wimbo huimbwa, haulambwi."

Watu wakacheka. Naye, kwa kuona wamecheka, akaongeza kwa sauti: "Mfumo mpya ni wa watu wasio na nyimbo. Kwenye mashine yangu hautakanyaga!"

Lakini karatasi moja aliikunja akaitia mfukoni. Nyumbani aliitazama mpaka chai ikapoa, na mkewe Yustina akamuuliza, "Baba, unasoma wimbo au unamsoma mwenzio?"

Mwaka huo jimbo lilikuwa likijiandaa kwa jubilei. Kamati iliomba kila mwalimu alete wimbo mmoja uliopigwa chapa, na katika hizo ungechaguliwa mmoja wa kuimbwa na kwaya zote za jimbo. Mwalimu Zeno hakuwahi kutaka kitu kwa nguvu namna ile. Asiye na mtoto hutafuta mahali pa kuliacha jina lake. Tena aliona wazi kuwa kamati itazishika kwanza karatasi nzuri, yaani za Eusebi. Basi akamwita Fotunata, aliyekuwa mwimbaji wa alto na fundi wa simu sokoni.

"Fotu, funga mlango kwanza."

"Kwani tunaiba, Mwalimu?"

"Nataka mfumo ule wa Eusebi. Ila watu wakija, waikute kompyuta yangu ileile ya zamani. Nilishasema mbele yao."

Fotunata alicheka mpaka akajishika mbavu. "Wivu wako una bahati. Wengine wote huniambia nifute, wewe unaniambia nifiche. Ukificha, angalau cha zamani kinabaki."

Alianza kwa kunakili nyimbo zote kwenye flashi, akampa Yustina aifunge kwenye pindo la kanga. Kisha akaigawa diski ya kompyuta, sehemu kubwa akauachia mfumo wa zamani, sehemu ndogo akauweka ule mpya. Tangu hapo ukiwasha, kioo kilionyesha majina mawili na kukungoja uchague nani aamke.

"Mmoja akiamka mwingine analala," alisema fundi. "Hawagusani."

"Kama wake wenza," alisema Yustina.

"Afadhali hawa, mama. Hawarushiani vyungu."

Mwalimu akauamsha mfumo mpya. Ulikuwa mzuri kweli, nao ulimuumiza roho kwa uzuri wake, maana alifikiri Eusebi ameufaidi peke yake siku zote hizo. Kisha akaufungua wimbo wake. Alama za sauti za juu na za chini zilikuwa zimegeuka visanduku vitupu. Soprano imekatika, besi haisomeki. Programu aliyoandikia nyimbo zake haikukubali kufanya kazi upande ule. Mwalimu akazima, akawasha tena, akauamsha wa zamani. Nyimbo zote zilikuwepo, nota kwa nota. Akapiga chapa wa kwake kutoka hukohuko, bila mapambo.

Siku ya gari la parokia kupeleka bahasha jimboni, Eusebi alitokea mlangoni, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umepotea njia, au kwako karatasi zimekwisha?"

"Nimepotea kweli." Akakaa bila kukaribishwa. "Nilipoweka mfumo mpya nilifuta ule wa zamani wote. Zile nyimbo za Pasaka nilizianzia katika huo mpya. Nyimbo zangu za kale nilizihifadhi, lakini kila nikizifungua naona visanduku, na sina tena mfumo wa kuzisoma. Soprano ninayo kichwani. Zile sauti nyingine zimenichanganyikia. Mwalimu, ule wimbo wangu wa mvua, ninaotaka kuupeleka kwa kamati ya jubilei, bado unao?"

Mwalimu aliujua wimbo wa mvua. Ndio huo mnaouimba nyinyi hadi leo. Hakuwahi kuifundisha kwaya yake wimbo huo hata siku moja, kwa sababu tangu alipousikia mara ya kwanza alijua umezidi wake wote. Angesema "haupo," na Eusebi angevaa viatu vyake akaenda. Na kuuonyesha kulitaka awashe kompyuta mbele yake.

Fotunata, aliyekuwa akipanga bahasha, akaanza kukagua dari. Mwishowe Mwalimu akabonyeza kitufe cha kuwashia. Majina mawili yakatokea.

"Mwalimu! Na wewe unao?"

"Ninao."

"Si ulisema hautakanyaga?"

"Mimi mgeni nimempa chumba. Wewe ulimpa nyumba, ndiyo maana leo unalala nje."

Eusebi alicheka mpaka machozi, nayo hayakuwa ya kicheko peke yake. Mwalimu akauamsha mfumo wa zamani, akautafuta wimbo wa mvua, akaupiga chapa. Alizisoma kurasa zikiwa bado na joto, akafika kwenye besi, akairudia kuisoma.

Nje gari likapiga honi. Mwalimu akaichukua barua yake kwa kamati, chini ya jina la wimbo wake akaongeza kwa kalamu: "Wimbo wa pili ni wa Eusebi Ndunguru, aliyefundishwa na mimi." Maneno ya mwisho akayapigia mstari. Akazitia nyimbo zote mbili katika bahasha moja, wake juu.

"Mwalimu, wangu wa chini? Na jina lenyewe umeliandika dogo hivi?"

"Bahasha ya nani?"

"Yako."

"Basi."

Akaulamba ukingo wa bahasha, akaufunga, akaukandamiza kwa ngumi mara mbili, kisha akatoka akampa dereva mkononi. Alisimama pale barabarani mpaka gari likaanza kuteremka.

"Mgeni mpe chumba," akasema, bila kumtazama Eusebi. "Usimpe nyumba."