Kibao cha Nusura

Enyi mlioketi!
— Tumeketi, na masikio yetu tumeyafungua!
Niwamwagie?
— Mwaga, tulowe!

Palikuwa na nchi ya majabali, na katika nchi hiyo aliishi Wibari, mnyama mdogo asiye na mkia, makao yake nyufa za mawe. Siku moja alimkuta mbwa jike amefungwa kigingini, ulimi nje, mbavu zahesabika. Wachungaji walikuwa wamehama kufuata majani, wakamwacha kwa sababu alichechemea. Wibari akahuzunika moyoni. Akatafuna kamba, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, hata ikakatika. Akamwita Nusura.

Mguu wa Nusura ukapona, akaanza kuwachunga mbuzi wa Bi Kidevu, mbuzi mkongwe aliyekwisha kulia machozi mengi kwa ajili ya wana walioliwa. Tangu siku hiyo hakuliwa hata mmoja.

Lakini sheria ilikuwako. Kila mbwa wa kuchunga sharti awe na kibao cha usajili. Mwombaji hukanda udongo mwenyewe, na karani huukanyaga mbele ya mashahidi. Alama ikishaingia haifutiki. Na karani alikuwa nani? Alikuwa Fisi! Ole wa nchi ambayo mla mbuzi ndiye aandikaye walinzi wao.

Wibari akaenda, akapanga foleni nyuma ya Punda Milia na Korongo. Zamu yake ikafika.

“Shikamoo, Mheshimiwa. Naomba kibao cha Nusura.”

“Baba yake nani?”

“Hajulikani, Mheshimiwa. Ni wa kuokotwa.”

“Hi-hi-hiii! Asiye na baba hana kibao. Kalete baba yake!”

Wibari akaenda, akatafuta, akarudi mikono mitupu. Akapanga foleni tena.

“Baba yake yuko wapi, wewe kisicho na mkia?”

“Sikumpata, Mheshimiwa.”

Fisi akainama, akanong’ona, na pumzi yake ilinuka mifupa. “Basi niletee mbuzi mnono, wa kulainishia udongo.”

“Hiyo ni sheria ipi, Mheshimiwa?”

“Sheria yangu. Na jua likizama mbwa hana kibao, ni mali ya ofisi. Na ofisi, kijana, haijala tangu jana.”

Wibari akatoka. Je, amwokoe mmoja kwa damu ya mwingine? Hasha! Wokovu wa namna hiyo ni machinjo yaliyovishwa kanzu. Akaketi juu ya jiwe lake, akainua macho, akalitazama zizi la Bi Kidevu: ukuta wa miiba pande zote, na mlango mmoja, mwembamba. Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akashuka mbio.

“Mwanangu, umekuja kutuuza?” akauliza Bi Kidevu, aliyezijua tabia za Fisi.

“La, mama. Nimekuja kukanda udongo. Nisaidie maji.”

Wakakanda, pacha-pacha, pacha-pacha. Wakautandaza mlangoni, kutoka mwiba hadi mwiba, laini kama uji. Nusura akajilaza nyuma ya mbuzi, kimya.

Wibari akarudi kwa Fisi. “Mheshimiwa, mbuzi wamo zizini. Mnono ni yupi, mimi mdogo sijui. Njoo uchague mwenyewe.”

Mate yakamdondoka karani, do, do, do. Akainuka. Naye alipoinuka, foleni nzima ikamfuata, Punda Milia, Korongo na wengine wote, maana hakuna aliyekubali kupoteza zamu yake.

Mlangoni Fisi akauona udongo. “Huo nitaukanyaga nikishashiba!” Akauruka, puu! Akaangukia ndani.

Ndipo Nusura akainuka. Hakubweka, hakuuma. Aliinamisha kichwa, akamkazia macho, akaja. Fisi akienda kushoto, Nusura yuko kushoto. Fisi akienda kulia, Nusura yuko kulia. Fisi akirudi nyuma, miiba, chomo!

“Mwiteni! Jamani, mwiteni!”

“Anachunga tu, Mheshimiwa,” akasema Wibari.

Fisi akazunguka zizi, akahema, akauona mlango, akatoka shoti bila kuruka. Chwaa! Mguu ukazama udongoni hadi kifundo.

Foleni ikapiga kelele: “Amekanyaga! Tumeshuhudia!”

“Sikutaka! Nimeswagwa!”

“Umeswagwa na nani, Mheshimiwa?” akauliza Wibari.

“Na huyo mbwa!”

“Mbwa wa namna gani?”

“Wa kuchunga! Hamuoni?”

“Amesema kwa kinywa chake!” akasema Korongo. “Sasa tuhudumie na sisi.”

Fisi akakunja uso, akashika neno lake la mwisho. “Kibao hakina jina la baba!”

Bi Kidevu akasogea polepole, ndevu zikipepea. “Mwanangu, Baba wa yatima anajulikana mbinguni na duniani. Au ofisi yako ndiyo haimjui?”

Fisi akaipa foleni mgongo. Akaondoka akichechemea, na udongo mguuni.

Wakakikata kipande chenye alama ya mguu, na jua lilipogusa majabali, kibao kilikuwa kimekauka. Wibari akakitundika mlangoni pa zizi, naye Nusura akalala chini yake. Mbuzi wakaimba mee, mee, mee, na Bi Kidevu kwa mara ya kwanza akalala kabla ya wanawe.

Na fundisho lake, wanangu, lishikeni sana: mheshimuni karani, msiruke foleni, wala msimdanganye mwenye mamlaka. Nanyi mkandapo udongo, ukandeni laini kabisa, Mheshimiwa asije akaumia mguu.

Nilikoichota ndiko niirudishako. Mmelowa?
— Tumelowa!
Basi jikausheni.