Goti Lililosemwa kwa Utani

Hapo zamani, na sisemi zamani za mazimwi, nasema zamani ya juzi, palikuwa na timu ya mpira wa kikapu mjini Tabora iliyoitwa Nyundo. Na Nyundo ilikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa Nkwabi. Ukisema Nyundo, umesema Nkwabi. Akirusha, umeingia. Akiruka, ameudaka. Akikosa, watu walilaumu upepo.

Lakini mwili si jiwe, na hata jiwe husagika. Nkwabi akazeeka. Akirusha, mara uingie, mara ugonge chuma. Akiruka, akitua anakunja uso. Vijana waliozoea kumpigia kelele "We Nkwabi, leta mpira!" wakaanza kumwambia "Shikamoo" katikati ya mazoezi. Mchezaji akiamkiwa na wachezaji wenzake, ajue.

Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha; daktari alikuwa ameshasema halitamaliza msimu. Alijua mwenyewe. Alijua mkewe Kalunde, aliyelikanda kila jioni kwa maji ya chumvi. Alijua mwenyekiti wa timu, Mzee Sizya. Alijua na kocha Anande, mwanamke wa Moshi asiyependa maneno mengi. Mji haukujua.

Msimu ule Nyundo ilikuwa mkiani. Haikuwa na mtu mrefu wa kusimama chini ya kikapu, wapinzani wakiingia na kutoka kama wamo sokoni. Ingeshuka daraja, mfadhili angeondoka, na mfadhili akiondoka timu imekufa, msidanganyane. Basi dirisha la usajili likikaribia kufungwa, viongozi wa timu wakakaa kumpima Nkwabi kama mtu apimavyo gunia la karanga. Tumtoe? Tumpe nani? Tupate nini?

Watu wa Moshi walisema, "Tupeni Nkwabi. Kwetu atacheza dakika chache na kufundisha watoto. Nasi tunawapa kijana mwepesi." Kijana mwenyewe alikuwa mfupi.

Watu wa Dodoma walisema, "Tupeni Nkwabi acheze mchezo mzima. Nasi tunawapa mtu mrefu, mikono kama matawi."

Kalunde hakualikwa kwenye kikao, lakini alisema akiwa mlangoni, "Mwacheni amalizie hapa. Akianguka, aangukie kwao."

Kocha Anande akasema, "Moshi. Goti lake litavumilia dakika chache. Dodoma litavunjika."

Mzee Sizya akaruka kitini. "Moshi, Moshi! Sema tu unawapelekea wa kwenu! Huyo mfupi atanifaa nini? Aniokotee mipira?"

Anande akafunga mdomo. Hakuufungua tena siku ile, wala kesho yake.

Wakamgeukia Nkwabi. Akasema, "Nipelekeni pale patakapoiokoa Nyundo."

"Na goti?"

"Goti ni langu."

"Sawa," akasema Mzee Sizya. "Lakini mimi si tapeli. Sijawahi kumpa mtu ng'ombe mgonjwa nikamwambia mzima. Huyo wa Dodoma akija, nitamwambia kila kitu, kwa mdomo wangu, usoni kwake."

Na alimwambia. Sikilizeni alivyomwambia.

Mjumbe wa Dodoma alikuwa Chilongani, Mgogo wa kweli. Na Mgogo na Mnyamwezi wa Tabora ni watani. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikutangazia msiba, unacheka na kumwomba ubani. Chilongani hajamaliza kushuka garini, akaanza: "Enyi wapagazi! Mmezoea kubeba mizigo ya watu, leo mnataka kunibebesha mimi? Huyo babu yenu bado anaruka, au siku hizi anarushwa?"

Damu ya utani ikamchemka Mzee Sizya, akajibu palepale: "Mgogo, tangu lini ukajua mali? Huyu goti limekwisha! Limekauka kama mito ya kwenu. Daktari kasema msimu hamalizi. Mchukue mkamzike, sisi tutakuja kula matanga!"

Chilongani akacheka mpaka akashika ukuta. "Na huyo mrefu wangu ana jicho la kioo! Haoni kikapu, ananusa!"

Wakagongeana mikono. Na hapo, mnasikia, ukweli wote ulikuwa umeshasemwa. Goti lilitajwa. Daktari alitajwa. Hakuna kilichofichwa, na hakuna kilichosikika.

Wakaenda uwanjani. Nkwabi alikuwa amelifunga goti kwa kitambaa chini ya soksi ndefu na kumeza vidonge vya maumivu. Akakimbia. Akaruka. Akauchomeka mpira kikapuni kwa mikono miwili, na vijana wakapiga mayowe kama zamani. Kocha Anande alikuwa na filimbi mdomoni. Aliona mguu unavyotetemeka kila akitua. Angeweza kupuliza, aseme neno moja. Akapuliza kumaliza mazoezi.

Baadaye Chilongani alipelekwa kunywa chai nyumbani kwa Nkwabi. Akamkuta Kalunde. "Shemeji, hamjambo hapa? Mumeo mzima?"

"Mzima," akasema Kalunde, akamimina chai.

Mapatano yakafungwa.

Yule mrefu akaja Tabora, na Nyundo ikaanza kushinda. Ikatoka mkiani. Watu wakacheza ngoma barabarani, wakamsahau Nkwabi haraka kuliko ilivyo haki. Nkwabi akaenda Dodoma. Mchezo wa kwanza tu, akaruka kuudaka mpira uliogonga ubao, akatua, na goti likalia. Wa safu ya juu kabisa walilisikia.

Dodoma wakashtaki kwamba wameuziwa mgonjwa. Shirikisho likavunja mabadilishano. Yule mrefu akarudi kwao, na pointi zote alizoiletea Nyundo zikafutwa. Nyundo ikashuka daraja. Mfadhili akaondoka. Ubao wa kikapu ukang'olewa na mtu asiyejulikana, nadhani akaufanya mlango. Na Nkwabi akarudishwa Tabora kwa magongo, kwenye mji usio na timu.

Chilongani alifuatana naye. Ndivyo utani ulivyo, humwachi mtani wako njiani. Wakakusanyika uani kwa Nkwabi, mguu wake umelazwa juu ya kigoda, na maneno yakaanza.

Chilongani akasema, "Mimi nimedanganywa. Nilimwona anaruka. Nilimuuliza mkewe, akaniambia mzima."

Kalunde akatupa kanga begani. "Ulinisalimu, shemeji, hukuniuliza! Mtu akisalimiwa mlangoni aanze kufungua vidonda? Mama yako akiulizwa 'mzima?' hujibu nini, hata akiwa kitandani? Mimi nilisema aachwe amalizie kwao. Nani alinisikia?"

Mzee Sizya akasema, "Mimi nilisema kweli. Nilisema goti, nikasema daktari, mbele ya watu. Asiyetaka kusikia nimshike masikio?"

"Ulisema kwa utani!" akafoka Chilongani. "Uliniambia nikamzike! Nilijuaje wapi utani umekoma?"

"Nawe uliniambia mrefu wako ana jicho la kioo. Mimi nilikwenda kulitazama jicho. Wewe goti ulilitazama?"

Chilongani akaugeukia mguu uliolazwa kigodani.

Kocha Anande akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, "Mimi nilichagua njia ambayo leo angekuwa anatembea. Nikatukanwa kabila langu. Nikaona, haya, wapishe wenye timu yao."

"Na filimbi?" akauliza Kalunde. "Filimbi nayo ina kabila?"

Anande akatazama chini.

Hapo wote wakamgeukia Nkwabi, na Mzee Sizya akasema taratibu, "Nawe, mwanangu, ulifunga kitambaa. Ulimeza dawa. Ungechechemea kidogo tu, mtani angeona."

"Ningechechemea, Nyundo ingekufa," akasema Nkwabi.

"Si imekufa?"

 Nkwabi alilitazama goti lake kama mtu anayemtazama mgeni aliyekataa kuondoka. Kisha akasema: "Sitaki pole zenu. Sitaki mchango. Kikao kilikuwa na watu, uwanja ulikuwa na watu, na nyumba hii ilikuwa na watu. Nataka mtu mmoja aseme 'ni mimi'. Asiongeze neno. Akisema, nitalala."

Mzee Sizya akakohoa. "Mwanangu, sote tulikosea."

"Huyo Sote simjui," akasema Nkwabi. "Hakucheza nami."

Wakakaa. Chai ikapoa. Hakuna aliyesema. Kalunde akaingia ndani, na wageni wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akiaga "Ugua pole," na Nkwabi mwenyewe, aliyeliomba lile neno, naye hakulisema.

Haya, msinitazame mimi. Yuko aliyesema kweli kwa mdomo wa utani. Yuko aliyeicheka kweli. Yuko aliyejibu salamu. Yuko aliyeshika filimbi, na yuko aliyeruka akijua. Nkwabi bado yuko uani na mguu wake, hajalala. Je, kati ya hawa, nani alipaswa kusema "ni mimi"?