Mstari wa Fisi kwenye Mtumbwi wa Kobe

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa mgeni asiyejua kuaga. Siku mbili zilipita, ya tatu wanyama wakakipa jembe. Kikalipokea, kikaliegemea, kikaendelea kukaa. Mto wa bondeni ukawa njia ya vumbi. Bwana Simba, aliyezoea kujitazama mtoni kila asubuhi, alikuwa hajaiona sura yake mwezi mzima, na hilo lilimuuma kuliko kiu.

"Tunapanda mlimani, kwenye Ziwa Mbeho," akatangaza. "Tutakunywa, tutaogelea, tutapanda mtumbwi, tutakaa huko mpaka mvua irudi. Kila mmoja alete chakula alichobakiwa nacho. Kitakuwa cha wote, na asikiguse mtu mpaka jioni tutakapogawana. Nimesema."

Wakapanda watano. Bwana Simba alikuwa mbele, maana hakujua kutembea mahali pengine, na mgongoni alibeba furushi la nyama ya nyati. Bi Nungunungu alifuata na kapu la viazi vikuu. Mzee Kobe, mwenye mtumbwi wa kule ziwani, alikuwa ameanza safari siku tatu kabla yao ili wafike pamoja. Fisi alijikokota, amekonda hata mbavu zake ungezihesabu ukiwa kwa jirani. Nyuma kabisa alikuja Sungura na kifuko cha karanga.

Kukaa nyuma kuna faida zake. Kwenye kona moja ya mwamba, Sungura alimwona Bwana Simba akifungua furushi, akichomoa ini la nyati na kulimeza bila kutafuna, kisha akafunga furushi na kujipangusa midomo kifalme. Sungura akaendelea kupanda. Jambo kama lile aliliweka kama watu wanavyoweka kuni kavu: ipo siku zitahitajika.

Ziwa Mbeho lilitulia ndani ya mlima kama uji ndani ya bakuli. Maji yake yalikuwa ya kijani, na baridi yake ilimfanya hata samaki aogelee haraka. Bwana Simba akainama ukingoni, akajitazama.

"Bado nipo," akasema, na wote wakampongeza.

Sasa, Mzee Kobe alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja kwa ajili ya yeyote. Kabla ya kumpakia mtu, alimketisha peke yake ndani ya mtumbwi pale ukingoni, akasubiri maji yatulie, kisha akachora mstari ubavuni mwa mtumbwi, pale maji yalipofika, kwa udongo mwekundu uliokorogwa na utomvu. Kila abiria na mstari wake. Hivyo alijua nani akae na nani, na nani angoje zamu. Mtumbwi wake ulikuwa na umri mkubwa na haukuwahi kuzama.

"Hata mimi nipimwe?" akanguruma Simba.

"Mtumbwi haumjui mfalme, Bwana Mkubwa. Unajua uzito tu."

Simba akaketi. Mtumbwi ukashuka, Kobe akachora.

"Huo wangu ndio wa juu kuliko yote?"

"Ndio wa juu kuliko yote."

"Basi ukoleze."

Wa Bi Nungunungu ukawa chini ya huo, mbali. Wa Sungura ulikuwa chini kiasi kwamba Kobe alikaribia kuuchora kwenye tako la mtumbwi. Fisi naye alipopimwa, mstari wake ulipita wa Bi Nungunungu kwa upana wa kidole tu.

"Ndugu yangu, umekwisha," Kobe akamwambia.

"Ni mfungo, Mzee wangu," Fisi akajibu kwa sauti ya mgonjwa. "Nimeweka nadhiri. Sitatia kitu kinywani mpaka mvua inyeshe. Hata hapa naisikia harufu ya nyama hiyo, na moyo wangu unasema: mwana kulaaniwa, niondokee!"

Bi Nungunungu akafuta machozi. "Masikini, kumbe tunaishi na mcha Mungu! Basi nani wa kutulindia chakula kama si huyu?"

Wote wakaona ni neno la busara. Ndiyo, umesikia vizuri: walimpa Fisi nyama ailinde. Jua likiwa kali sana hupika hata bongo.

Wakaingia majini. Bi Nungunungu akatandaza miiba yake, akaelea kama kapu. Sungura akapiga mbizi, akaibuka, akapiga nyingine. Bwana Simba alikaa katikati ya mtumbwi huku ameshika kingo zote mbili, na Kobe akapiga kasia.

"Huogelei, Bwana Mkubwa?" Sungura akamwuliza kutoka majini.

"Mfalme haogelei. Mfalme anakagua."

Mara mbili Sungura alitoka nje, maana masikio marefu hunywa maji mengi. Alisimama nyuma ya kichaka, akayatikisa, akarudi ziwani. Hakujua kwamba kutikisa kule kungekaribia kumponza.

Alasiri walirudi ukingoni na njaa ya waogeleaji, ambayo ni kubwa kuliko njaa nyingine zote. Furushi la nyama lilikuwa limelala bapa. Kapu la viazi lilikuwa na udongo tu. Na nyuma ya kichaka kile, pale hasa aliposimama Sungura, yalitapakaa maganda ya karanga.

Fisi alikuwa amelala kando, amejifunika shuka mpaka kidevuni, anatetemeka.

"Sikuwa na nguvu ya kumzuia," akanong'ona. "Mfungo umenimaliza. Nilimwona Sungura akitoka majini, si mara moja. Niliita, lakini sauti haikutoka."

Macho yote yakamgeukia Sungura.

"Ulitoka majini?" akauliza Simba.

"Nilitoka kutikisa masikio."

"Kutikisa masikio!" Bi Nungunungu akacheka kwa uchungu. "Na maharage yangu ya mwaka jana, nayo yalitikisika?"

"Yale nilikula mimi, Bi mkubwa. Nakiri."

"Na asali ya Mzee Kobe?"

"Nayo ni mimi. Lakini hiki chakula cha leo si mimi!"

Sungura alikuwa amezoea kushtakiwa kwa makosa aliyoyatenda. Huko alijua njia zote za kutokea. Kushtakiwa kwa kosa asilolitenda kulikuwa jambo geni, na aliona halina hata adabu. Alitafuta uongo wa kumwokoa akakosa, maana safari hii ukweli ulikuwa umesimama mlangoni.

"Tazameni tumbo lake!" akapiga kelele, akivuta shuka ya Fisi. Kweli, tumbo lilikuwa kama ngoma.

"Ole wangu," Fisi akaugua. "Hamjui kuwa tumbo la njaa huvimba? Ni upepo, ndugu zangu. Ni upepo mtupu."

"Ni kweli," alisema Bi Nungunungu. "Shangazi yangu alikuwa hivyo hivyo."

Bwana Simba akajinyoosha. "Nimesikia ya kutosha. Sungura atashuka bondeni sasa hivi, arudi kwenye vumbi, na asionekane ziwani hapa hata mvua ikirudi. Nimesema."

Sungura akatazama chini bondeni. Hakukuwa na kisima wala jani bichi. Mwenye miguu mifupi kama yeye angepona siku mbili, labda tatu. Kisha akautazama mtumbwi uliofungwa ukingoni, na ile mistari myekundu ubavuni mwake. Masikio yakasimama polepole, moja kisha la pili.

"Basi nikiri yote," akasema, akiinamisha kichwa. "Asubuhi, kabla hatujamkabidhi Fisi mizigo, nilichomoa ini la nyati kwenye furushi. Nimelificha ng'ambo ile, chini ya jiwe jeupe. Zima, nono, halijaguswa."

Hapo Bwana Simba akapatwa na kikohozi. Alijua vizuri ini lile liko wapi. Lakini mfalme angesema nini? Akatazama mawingu, ingawa hapakuwa na wingu hata moja.

"Ndiyo maana sikuli..." Fisi akaanza, akajiuma ulimi. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo.

"Niruhusuni nikalilete kabla sijashuka," Sungura akaendelea. "Ila msiniamini niende peke yangu. Nipeni shahidi anayeweza kukaa karibu na ini bila kulionja."

"Mimi!" Fisi alitupa shuka. Mgonjwa aliyeshindwa kuita mchana kutwa aliruka juu ya kapu, akampita Bi Nungunungu, akatua ndani ya mtumbwi kabla Sungura hajainua hata mguu. "Twende, Mzee Kobe! Piga kasia! Jiwe jeupe lile pale!"

Lakini Mzee Kobe hakugusa kasia. Alikuwa ameinama ubavuni mwa mtumbwi, anasubiri maji yatulie, kama alivyosubiri maisha yake yote.

"Tulia kwanza, ndugu yangu," akasema. "Mstari wako siuoni."

"Mstari gani? Twende!"

"Uliochorwa asubuhi. Umezama. Na wa Bi Nungunungu umezama." Kobe akasogeza uso. "Maji yamefika... Bwana Mkubwa, njoo uangalie mwenyewe. Maji yameupita mstari wako."

"Ni upepo," akasema Fisi kwa sauti ndogo.

"Nimepakia upepo tangu ujana wangu," Kobe akajibu. "Haujawahi kunizamishia mtumbwi."

Bi Nungunungu akalitazama kapu lake, akalitazama tumbo la Fisi, na miiba yake ikasimama mmoja mmoja.

Bwana Simba alikuja akaangalia. Wizi wa nyama ungeweza kumkasirisha, na nadhiri ya uongo ingeweza kumkasirisha zaidi. Lakini kilichomtikisa manyoya hakikuwa kimojawapo cha hivyo.

"Umekuwa mzito kuliko mimi?" akanguruma. "Mimi?"

Fisi akaruka nyuma kwa hofu. Mtumbwi ukayumba, ukanywa maji upande mmoja, ukamwaga abiria wake ziwani kwa kishindo. Alipotambaa kutoka, akitapika kipande cha kiazi kikuu mbele ya Bi Nungunungu mwenyewe, hapakuwa tena na la kuuliza.

"Shuka mlima," Simba akasema. "Ile hukumu ni yako, na wewe una akiba ya safari. Nimesema."

Fisi akashuka, tumbo linamvuta kila hatua, na mgongo wake umeinama kwa nyuma hivyo hivyo mpaka leo.

Jioni ile waliobaki walikula mizizi na majani ya mlimani aliyoyachimbua Sungura. Bwana Simba alitafuna ya kwake akisema ni dawa. Walipokuwa wakitafuna, akamsogelea Sungura.

"Lile ini," akanong'ona. "Ulisema liko ng'ambo."

"Nilisema uongo, Bwana Mkubwa."

"Vyema. Uendelee hivyo hivyo."

Mzee Kobe naye alikuwa ukingoni akikausha mtumbwi wake. Alichukua udongo mwekundu, akaukoleza tena mstari wa Fisi, ule mwembamba wa asubuhi, ili watoto watakaokuja kuogelea wauone na waulize. Nao wakiuliza, wataambiwa habari za msafiri aliyetaka kuvuka ziwa zima na nadhiri yake, asifike hata urefu wa kasia. Njia ya mwongo ni fupi.