Mtu Aliyetoka Katikati ya Mahubiri

Kisa hiki kimenifikia leo asubuhi, na nimeshindwa kukaa nacho peke yangu. Kisome ukiwa umetulia, kisha umpelekee mtu mmoja unayesali naye.

Palikuwa na mchungaji aliyeitwa Lwitiko, wa usharika mmoja mdogo kwenye milima ya Rungwe, kule ambako mvua haipiti bali imehamia.

Mchungaji Lwitiko alikuwa mtu wa kujituma. Mahubiri ya Jumapili aliyaanza Jumatano. Aliyaandika kwa mkono, akayasoma kwa sauti sebuleni, akafuta, akaandika upya. Ikifika Jumamosi, mkewe, Mama Tusekile, naye alikuwa ameshayakariri bila kupenda.

Lakini kila Jumapili mchana alirudi nyumbani amekata tamaa.

"Wanasema Amina," alilalamika huku akivua viatu. "Wanaandika kwenye madaftari. Wanatikisa vichwa mpaka unaionea shingo huruma. Wakishatoka, pale pale mlangoni, wanaendelea na umbea walipouachia. Miaka sita, Mama Tusekile! Miaka sita nawahubiria upendo watu wanaonuniana kwa sababu ya kuku kuvuka uzio!"

"Pole, Baba Tusekile," mkewe alisema, akamsogezea chai.

Juu ya hayo yote, akaja Asajile.

Asajile alikuwa mpasua mbao, mtu wa makamo, mrefu, mabega kama mlango. Hakuwa amewahi kuonekana kanisani maishani mwake. Alianza kuja baada ya Pasaka, akajiandikisha darasa la ubatizo, na kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa zito kwa sababu ya kelele za msumeno, alikaa benchi la mbele kabisa.

Jumapili moja Mchungaji alihubiri habari za mwenye nguo mbili kumgawia asiye na nguo. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia hoja ya pili. Asajile akasimama. Akageuka, akatembea katikati ya kanisa zima na mabuti yake ya mvua, kwaa, kwaa, kwaa, akafungua mlango, akatoka. Hakurudi.

Vichwa vyote viligeuka. Mchungaji alipoteza hoja ya tatu, na hakuipata tena mpaka ibada ikaisha.

"Labda alibanwa na haja," alisema Mama Tusekile.

Jumapili iliyofuata somo lilikuwa kuwatembelea wagonjwa. Mchungaji alikuwa amelifanyia kazi mpaka usingizi ukamkimbia. Dakika kumi hazijafika, Asajile huyo, amesimama. Kwaa, kwaa, kwaa. Mlango. Kimya.

Mchungaji alifika nyumbani amefura kwa hasira.

"Ananidharau! Mbele ya watoto wa Sunday School, mtu mzima ananigeuzia mgongo!"

"Huyo angalau anatoka akiwa macho," alisema mkewe. "Wengine wanabaki wamelala."

Maneno hayo hayakumsaidia. Katikati ya wiki akamwita mzee wa kanisa, Ambakisye, mtu wa taratibu, ambaye hata salamu alitamani iwe na kumbukumbu za kikao. Akamtuma akazungumze na Asajile. Ambakisye alirudi siku ya pili.

"Nimemwuliza, Mchungaji."

"Akasemaje?"

"Anasema alitoka kwa sababu alikuwa ameshasikia."

"Ameshasikia nini?"

"Mahubiri."

"Kama aliyasikia, si angekaa mpaka mwisho?"

"Ndivyo nilivyomwambia. Akaniuliza, kwani yana sehemu nyingine?"

Mchungaji Lwitiko alifumba macho, akahesabu mpaka kumi, akaona haitoshi, akaendelea mpaka ishirini.

Jumapili ya tatu somo lilikuwa lile la Bwana kuwaosha wanafunzi wake miguu. Mchungaji alipanda mimbarani huku jicho moja liko kwenye karatasi na jingine kwenye benchi la mbele. Alisoma. Akaanza kueleza. Alisema kwamba Bwana hakuwahutubia wanafunzi juu ya unyenyekevu, bali alichukua beseni. Sentensi hiyo aliipenda sana. Aliiandika mara nne.

Asajile akasimama.

Safari hii Mchungaji hakungoja mlango ufungwe. Aliifunga Biblia kwa kishindo.

"Kwaya, imbeni!"

"Wimbo gani, Mchungaji?" mwalimu wa kwaya aliuliza.

"Wowote!"

Akashuka mimbarani na joho lake, akapita katikati ya watu walioachama midomo, akatoka nje mvuani.

Asajile alikuwa ameshafika mbali, anateremka njia ya bondeni kupitia migombani. Mchungaji akamfuata. Njia ilikuwa tope tupu. Aliteleza mara ya kwanza akashika mgomba. Mara ya pili hakukuwa na mgomba. Na kila alipoteleza, aliongeza sentensi moja kwenye karipio alilokuwa analitunga moyoni. Alipofika chini, joho lilikuwa na tope mpaka kiunoni na karipio lilikuwa refu kuliko mahubiri.

Asajile aliingia kwenye nyumba ndogo ya matofali iliyokuwa ukingoni mwa shamba la chai. Mchungaji akafika mlangoni akihema.

"Hodi!" alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kubisha hodi.

"Karibu," ilijibu sauti ya mzee kutoka ndani.

Akaingia, na kitu cha kwanza kumpokea kilikuwa harufu. Harufu nzito, ya kidonda.

Kitandani alikuwa ameketi Mzee Kasyupa, aliyefiwa na mkewe, watoto wake wako mbali mikoani. Alikuwa amekonda hata Mchungaji alimtambua kwa macho yake tu. Amevaa koti kubwa lililomzidi mabega. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba na kubadilika rangi, na vidoleni palikuwa na jeraha lisilotazamika. Na mbele yake, magotini kwenye sakafu ya udongo, Asajile alikuwa akimimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni.

Mchungaji alifungua kinywa. Karipio lote likakauka.

"Shikamoo, Mzee," alisema mwishowe.

"Marahaba, mwanangu. Umenyeshewa. Kaa."

Hakukaa. "Asajile, unafanya nini hapa?"

Asajile alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mkono wake. "Si umesema tuoshe miguu?"

"Nimesema, lakini..."

"Na wiki ile ulisema tumtembelee mgonjwa. Mimi mgonjwa niliyemjua ni huyu. Na wiki ya kwanza ulisema mwenye nguo mbili. Mimi nilikuwa na makoti mawili." Akaushika mguu wa mzee taratibu, akautia majini. "Nilikuwa natoka mapema kwa sababu nikikaa mpaka mwisho, nasahau."

Mzee Kasyupa aliuma meno maji yalipogusa jeraha. Kisha akapumua.

Mchungaji alitafuta neno la kusema, akapata lile alilolizoea. "Mzee wangu, sisi kule kanisani tunakuombea. Jina lako ni la tatu kwenye orodha ya wagonjwa."

"Najua," alisema Mzee Kasyupa. "Nasikia."

Akanyanyua kidole kuelekea dirishani. Na hapo Mchungaji naye akasikia. Kutoka juu mlimani, kila neno la kwaya lilifika ndani ya chumba kile, safi kabisa, kama waimbaji wako uani. Ile spika ya juu ya paa la kanisa, aliyeigeuza ielekee bondeni alikuwa yeye mwenyewe, ili Neno liwafikie wasiokuja.

"Kila Jumapili nasikia mkinitaja," mzee aliendelea, bila uchungu, kama anayesimulia habari za hali ya hewa. "Miezi saba sasa. Mwanzoni nilifurahi sana. Nilikuwa najiambia, leo wamenitaja, basi leo watakuja. Nilikuwa naacha mlango wazi ili msihangaike kubisha. Wiki ya nne nikaanza kuufunga. Baridi, mwanangu."

Mchungaji Lwitiko aliwahi kuja pale mara moja, wiki ya kwanza ya ugonjwa. Alisimama mlangoni, akaomba kwa dakika mbili, akaondoka haraka, maana alikuwa na mahubiri ya kuandaa. Yalikuwa mahubiri ya huruma. Sasa aliyakumbuka yote, mpaka mifano.

"Baba Mchungaji," Asajile alisema, "kuosha hakutoshi. Mguu huu unaoza. Anatakiwa hospitali, na mlima ule siwezi kumpandisha peke yangu bila kumuumiza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilimwambia Mzee Ambakisye alipokuja kunihoji. Akaniambia nisubiri matangazo."

Mchungaji alitoka, akaanza kupanda. Safari hii hakuwa na karipio la kutunga. Alikuwa na hasira ile ile, ila hakujua aielekeze kwa nani, na kila alipotafuta mtu aliyestahili zaidi, alimkuta ndani ya joho lake mwenyewe.

Aliingia kanisani kwaya ikiwa kwenye wimbo wa tano. Akainua mkono, wakanyamaza. Maji yalikuwa yakimchuruzika mpaka sakafuni.

"Mnamjua Mzee Kasyupa?"

"Ndiyo," waliitikia.

"Mnajua anaumwa?"

"Ndiyo."

"Njia ya kwake mnaijua?"

"Ndiyo."

"Na tumemwombea miezi saba?"

"Amina!"

Mchungaji akapiga mimbari kwa kiganja, mpaka kipaza sauti kikalia.

"Msiniitikie Amina! Nani kati yetu ameenda kumwona? Nani?"

Watu walitazama madaftari yao.

"Mimi nilienda mara moja nikaishia mlangoni. Nimehubiri huruma kwa miaka sita, na mtu anaoza mguu chini ya spika yangu! Mahubiri ya leo yameisha. Nataka watu wa kubeba. Sasa hivi."

Watu waliangaliana. Mzee Ambakisye akasimama, akasafisha koo.

"Mchungaji, ni jambo jema sana. Napendekeza tuteue kamati ndogo, ikutane Jumatano, ilete taarifa..."

"Mzee Ambakisye," Mchungaji alisema, "ninakuheshimu kama baba yangu. Shika upande huo wa benchi."

Kwa maana alikuwa ameshashuka, na alikuwa analivuta benchi la mbele kutoka mahali pake. Akinamama waliovaa sare ya kitenge wakasimama wa kwanza, wakavua mitandio yao ili itandikwe juu ya benchi. Wanaume wa sauti nene wa kwaya wakatoka kwenye mstari. Ambakisye alibaki na kidole hewani kidogo, kisha akaweka miwani mfukoni, akashika benchi.

Siyo wote walioenda, na tusidanganyane. Wengine walibaki wakisema mvua, wengine mgongo, na mmoja alilalamika kwamba sadaka haijakusanywa. Lakini watu thelathini waliteremka bondeni, wakamlaza Mzee Kasyupa juu ya benchi la kanisa, wakampandisha mlima wakipokezana. Walianguka mara mbili. Benchi halikuanguka. Asajile alishika upande wa miguu njia nzima, akakataa kupokewa.

Barabarani walisimamisha gari lililobeba majani ya chai, na dereva alipoona mchungaji mwenye tope, hakuuliza maswali mengi.

Hospitalini, vidole viwili vilikatwa. Mguu ulibaki. Daktari aliwaambia kwamba wangechelewa wiki moja tu, wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

Siku ya nne Mchungaji Lwitiko alikwenda kumwona. Alimkuta ameketi, amekula uji, amenyolewa ndevu. Wakasalimiana, wakazungumza kidogo. Kisha Mchungaji akasimama, akatazama saa, na mazoea yakamtangulia.

"Basi, Mzee wangu, tutaendelea kukuombea Jumapili."

Mzee Kasyupa akamshika mkono, asiuachie.

"Niombeeni, mwanangu, sikatai. Ila uniombee ukiwa hapa."

Mchungaji akavua koti, akavuta kiti, akakaa.

Funzo: Neno la Mungu halikuletwa ili tuliitikie, bali tulitende. Kama unamjua mgonjwa kwa jina, unaujua ugonjwa wake na unaijua njia ya kwake, usiishie kumwombea ukiwa mbali. Inuka uende.