Sabuni ya Uani

Mwinyi Kombo, tajiri wa mtaa, alimwita mpishi wake, Bi Mwanakheri.

"Nyumba nzima tunaharisha kwa uchafu wako. Leo unaondoka."

"Sawa, bwana. Niwapakulie mara ya mwisho tu. Mnawe kwanza, sabuni iko uani."

Mwinyi Kombo na ndugu zake walikwenda mmoja mmoja, kisha wakalizunguka sinia la pilau. Ndugu zake wote walikuwa na viganja vya manjano, wakatazamana kwa aibu. Mwinyi Kombo akainua vyake, vyeupe.

"Mnaona? Hapa niliyenawa ni mimi peke yangu."

"Kwa sabuni, bwana?"

"Kwa sabuni, tena mara mbili."

"Ajabu," alisema Bi Mwanakheri. "Sabuni ile nimeipaka bizari ya manjano asubuhi, kipande kizima."

Ndugu zake wakalivuta sinia upande wao.